Goti jipya, choo cha zamani

Mgonjwa aliyebadilishwa goti, akiwa bado wodini, ana daktari bingwa, wauguzi wa zamu, mtaalamu wa mazoezi tiba na kitanda cha kupandisha na kushusha. Siku chache baadaye anashuka kwenye gari pale Mazinde, wilayani Korogwe, na kitu cha kwanza anachokitaka ni choo. Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba kupita banda la kuku, na kinamtaka achuchumae. Goti halikunjiki kiasi hicho. Halitakunjika hivyo wiki hii wala mwezi ujao, na wengi waliofanyiwa upasuaji huu hawachuchumai tena maishani.

Tunaanza na choo kwa sababu ndicho kinachosahaulika. Familia huuza ng'ombe, huchangishana kwa simu, hukopa kwenye vikoba, hadi fedha ya upasuaji na nauli ipatikane. Fundi seremala hamwiti mtu. Maoni yetu ni kwamba fundi aitwe kwanza, kabla mgonjwa hajapanda basi la kwenda kulazwa, na kwamba hospitali yoyote inayobadilisha goti la mkulima imuulize ana choo cha aina gani kabla ya kumpa tarehe.

Upasuaji wenyewe si mgeni tena nchini. Zamani mwenye uwezo alisafiri hadi India. Leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, inabadilisha magoti na nyonga hapahapa Dar es Salaam. Anayekwenda kufanyiwa kwa kawaida ameishi na maumivu kwa miaka: gegedu imesagika, mifupa inasuguana, usiku halali. Umri unachangia, uzito unachangia, ajali ya zamani inachangia, na kazi nazo hazikuwa nyepesi. Mashamba ya mkonge yaliyolizunguka eneo hili, mizigo ya kuni, vilima vya Usambara vinavyopandwa na kushukwa kwa miguu, vyote vimepita kwenye magoti hayo.

Daktari hukata tabaka jembamba kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, akazivika chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu sana. Hilo ndilo goti bandia. Chuma hakina cha kupona. Kinachopona ni ngozi iliyopasuliwa, nyama iliyosukumwa kando, na misuli ya paja ambayo ilikuwa imeshalegea kwa sababu ya miaka ya kuchechemea. Kazi hiyo ya kupona haifanyiki chumba cha upasuaji. Inafanyika nyumbani, kwa wiki na miezi, mikononi mwa watu ambao hawajasomea uuguzi.

Turudi kwa fundi. Kiti cha choo hakihitaji kuagizwa mjini. Ni kiti cha mbao chenye miguu minne iliyotanuliwa ili kisiyumbe, kimo chake kikifika juu kidogo ya goti la mgonjwa akiwa amesimama. Hapo pa kukalia panakatwa tundu, kingo zinapigwa msasa mpaka zisiwe na kibanzi hata kimoja, na pembeni inawekwa mikono miwili imara, maana mgonjwa atainuka kwa nguvu za mikono zaidi kuliko za mguu. Kinasimamishwa juu ya shimo. Wapo wanaotoboa kiti cha plastiki chenye mikono, na kwa mgonjwa mwepesi kinaweza kufaa, ila kiti kikishatobolewa kimepoteza nguvu, na miguu yake huteleza kwenye sakafu yenye maji. Akikalie kwanza mtu mzito kuliko mgonjwa. Kikilia au kikitanuka, kirudishwe kwa fundi.

Kando ya kiti kichimbiwe mti wa kushikilia. Tunajua Mazinde haikosi kamba ya mkonge, na tumewahi kuona kamba ikining'inizwa kwenye boriti ya choo kwa ajili ya mgonjwa. Kamba huyumba, na anayeishikilia huyumba nayo. Mti haumdanganyi mtu. Usiku mgonjwa asitoke kabisa: kiti hichohicho, au pacha wake, kiwekwe chumbani na ndoo yenye kifuniko chini yake. Wazee wengi wanaona haya kwa jambo hili. Haya hiyo imewaangusha watu gizani, na mfupa ulioshika goti jipya ukivunjika, kazi ya kuurekebisha ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kitanda kinafuata. Kulala kwenye mkeka sakafuni hakuna, hata kama ndivyo bibi alivyolala maisha yake yote. Kitanda kilicho chini mno kinanyanyuliwa kwa tofali chini ya kila mguu, tofali zima lisilo na ufa, mpaka mgonjwa akikaa ukingoni nyayo zikanyage sakafu na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Chandarua kipangwe upya ili asilazimike kuinama kukichomekea. Kwenye kukaa, kochi la kuzama ni mtego. Litamla na halitamtema. Kiti cha plastiki chenye mikono ni bora, na viwili vilivyopandanishwa ni bora zaidi, kwa sababu vinapanda juu kidogo na havipindi. Viegemezwe ukutani.

Mikeka na mazulia yakunjwe, yatolewe njiani. Waya wa chaja usipite mlangoni. Kizingiti kirefu kimwagiwe saruji kidogo au kiwekewe ubao wa kupanda taratibu. Kuku wafungiwe, watoto waambiwe. Ndala, hizi tunazoziita kandambili, ziwekwe kando kwa miezi kadhaa. Kiatu kiwe cha kufunika kisigino, chenye soli inayoshika. Gongo nalo lina soli yake: ule mpira wa chini ukiisha hugeuka kuwa kitu cha kutelezea. Ununuliwe mwingine mapema.

Jikoni ni vita nyingine, hasa kwa akina mama. Kigoda cha kukalia mbele ya mafiga na mbuzi ya kukunia nazi vyote vinamkalisha mtu chini kabisa huku magoti yakiwa kifuani. Kwa goti lililopasuliwa hilo haliwezekani, na hata goti likishapona ni mateso. Afadhali jiko lijengewe jukwaa la matofali la kimo cha kiuno, ambalo kwa kweli lingemsaidia kila mwanamke wa nyumba hiyo, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Kazi ya nazi wapewe wajukuu.

Mwenye nafasi ya kuchagua tarehe aombe kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Masika njia ya kwenda choo ni tope, na mkulima anawaza shamba kuliko mazoezi.

Safari ya kurudi nayo ina mambo yake. Kutoka Moshi utapita Mwanga, Same, Makanya, Hedaru na Mkomazi. Kutoka Dar utapita Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo. Ni saa nyingi za kukaa na mguu uliovimba. Kiti kiwe cha pembeni mwa njia, upande utakaoruhusu mguu uliopasuliwa unyooke. Kila baada ya saa moja au mbili mgonjwa asimame, apige hatua chache, na akiwa amekaa achezeshe kisigino na vidole juu chini bila kuchoka. Dereva aombwe kabla ya kuondoka, si njiani wakati kila abiria ana haraka. Familia yenye uwezo wa kukodi gari dogo iangalie kimo chake: teksi iliyokaa chini humkunja mgonjwa kuliko basi.

Amefika, amelala. Sasa inaanza hatari ambayo watu huiita upendo. Majirani wanakuja kumjulia hali, Wasambaa, Wazigua na Wapare, kila mmoja na pole yake na ndizi zake, na kila mmoja anasema neno lilelile: "Bibi, pumzika, usijisumbue." Mkaza mwana analeta mto laini na kuusukuma chini ya goti ili likae vizuri. Binti anamletea chakula kitandani. Mjukuu anamletea maji. Wiki mbili zinapita, maumivu yamepungua, kila mtu ana furaha, na goti limeganda likiwa limepinda kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mto chini ya goti ndio kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Unaleta raha kwa sababu goti lililopinda haliumi sana, na goti linalolala limepinda usiku na mchana hujifunza kukaa hivyo. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie huru na kunyooka kwa uzito wake lenyewe. Linauma. Dakika tano au kumi kwa mara moja, mara kadhaa kwa siku, zinatosha kuanzia. Kunyooka kabisa ni jambo ambalo wagonjwa hulidharau, wakihesabu tu kukunja. Lakini mguu usionyooka hukufanya utembee kama mtu anayeshuka ngazi siku zote.

Mazoezi mengine ni mepesi kuyaeleza. Mgonjwa amelala chali, akaze paja kana kwamba anabonyeza goti kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Kisha avute kisigino taratibu kuelekea kalio, goti likikunjika, akirudishe. Soksi miguuni au mfuko wa nailoni chini ya kisigino husaidia kuteleza. Kisha ainue mguu mzima ukiwa umenyooka, kiganja kimoja juu ya godoro, ashushe polepole. Akikaa kwenye kiti, unyayo ukiwa umekanyaga sakafu sawasawa chini ya goti, hapo amekunja nyuzi 90, na kwa wengi hicho ni kipimo kizuri cha wiki mbili za mwanzo. Kufikia nyuzi 110 au zaidi huchukua wiki kadhaa nyingine. Marudio kumi kwa kila zoezi, mara tatu au zaidi kwa siku, na matembezi mafupi ya mara kwa mara ndani ya nyumba. Kutembea nusu saa mfululizo siku ya kwanza ili kuwaonesha majirani ni ujinga. Goti litajibu usiku kwa kuvimba.

Dawa ya maumivu inywewe nusu saa hivi kabla ya mazoezi, si baada ya kulia. Mtu anayejikaza bila dawa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapati goti. Panadol mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zina dawa hiyohiyo ndani kwa jina jingine. Tramadol hulevya na kufunga choo. Maji ya kutosha, mapapai, na mboga zinazoshushwa Mombo kutoka Lushoto zitafanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya kwa raha hivyo.

Uvimbe na joto kwenye goti si balaa. Vinaweza kudumu miezi mitatu hadi sita, vikipanda jioni na kushuka asubuhi. Mguu uinuliwe juu ya moyo mgonjwa akiwa amelala, mto ukiwa chini ya kisigino na shavu la mguu, na barafu iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na friji anunue zile barafu za vifukoni kwa mama wa jirani, tano au sita, azifunge kwenye kanga na kuzizungusha kwenye goti. Barafu isigusane na ngozi. Sehemu ya ngozi kando ya kovu itakuwa na ganzi, pengine kwa kudumu, na goti litalia "tk" wakati wa kutembea. Ni chuma na plastiki vinagusana. Wagonjwa waambiwe mapema, maana tumesikia watu wakidhani goti limefunguka.

Maji ya moto hapana. Kukanda kwa maji ya moto ndiyo tiba yetu ya kila kiungo kinachouma, na kwa goti bichi inaongeza uvimbe. Majani ya mwarobaini, mafuta ya taa, dawa ya unga ya kwenye chupa, hakuna hata kimoja kinachopaswa kugusa kidonda. Nyuzi au pini hutolewa kwa kawaida kati ya siku 10 na 14; mpaka hapo kidonda kikae kikavu, na kuoga kuwe kwa kitambaa. Wageni wanaosema "hebu tuone" wanyimwe. Bandeji haifunguliwi kwa ajili ya maonesho.

Kwa nini tunakaza hivi? Mwaka 1890 daktari wa Kijerumani, Themistocles Gluck, aliweka goti bandia mjini Berlin. Alilichonga kwa pembe ya ndovu. Katika karne hiyo pembe zilishuka pwani kwa misafara, na bonde hili la Pangani lilikuwa mojawapo ya njia zake; Semboja, mtawala wa Kikilindi, aliweka makao yake hapa Mazinde ili awe karibu na njia hiyo na faida zake. Kama kuna pembe yoyote ya huku iliyofika mezani kwa Gluck hakuna atakayeijua. Kinachojulikana ni kwamba magoti yale hayakudumu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na vijidudu vilishinda. Pembe imeshaachwa, chuma kimekuja, na adui ni yuleyule. Vijidudu vikijibanza juu ya chuma, dawa za kumeza peke yake mara nyingi hazivifikii, na wakati mwingine goti lote hutolewa.

Hapa Mazinde uko ugumu wa pekee. Tunaishi bondeni, kwenye joto na mbu, na mtu akipata homa jibu linatangulia swali: malaria. Mgonjwa wa goti akichemka, kijana anatumwa duka la dawa kuleta mseto, naye anameza siku tatu. Homa ikipungua kidogo wanasema alikuwa na malaria. Isipopungua wanaongeza dawa nyingine. Siku zinakwenda. Aliyepasuliwa goti akipata homa inayofika nyuzi 38 au zaidi apimwe malaria, ndiyo, lakini siku hiyohiyo kidonda kiangaliwe na mtaalamu, hata kama kipimo cha malaria kimesema ipo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Wekundu unaotanuka, usaha au majimaji yasiyokoma, na maumivu yanayoongezeka wakati yalipaswa kupungua, havisubiri tarehe ya kliniki. Na asipewe antibayotiki za dukani kabla daktari hajachukua kipimo, kwa sababu zinaficha kidudu bila kukiua. Mwenye kisukari aongeze umakini mara mbili: sukari iliyopanda ni mwaliko kwa vijidudu.

Hatari ya pili haina usaha wala harufu. Damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Shavu la mguu huvimba, huwa gumu, huuma ukilibonyeza. Pande hilo likikatika na kupanda mapafuni, mgonjwa hukatwa pumzi ghafla, kifua kinamchoma, pengine anakohoa damu. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Gari litafutwe, aende hospitali: Magunga pale Korogwe, au popote palipo karibu zaidi penye daktari na oksijeni. Ndiyo maana alipewa vidonge au sindano za kuzuia damu kuganda, na ndiyo maana hazikatizwi kwa sababu "mguu umeshapona". Ndiyo maana pia mchuaji asiitwe. Kuna wachuaji hodari mkoani Tanga, hatuwadharau, lakini kuchua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kulisukuma pande lile hadi lilikokuwa halijafika. Na diklofenaki ya dukani, ambayo wazee wengi huimeza kama njugu kwa ajili ya mgongo, isichanganywe na dawa hizo bila daktari kujua. Tumbo linaweza kutoka damu.

Magongo na kile kifaa cha miguu minne vina siku zake. Mgonjwa akihamia fimbo moja, aishike mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu huishika upande wa mguu uliopasuliwa, akiuegemea, na mwendo unapinda. Penye ngazi au kipandio, kupanda anatangulia mguu mzima. Kushuka anatangulia uliopasuliwa pamoja na fimbo. Mtu asimame chini yake, si juu, akiwa tayari kumdaka.

Kuhusu ibada, wazee husumbuka wenyewe. Mwislamu mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi kwenye kiti, na Mkristo hakatazwi kusali bila kupiga magoti. Baada ya kupona kabisa baadhi hupiga magoti tena juu ya mto bila kuharibu kitu, japo wengi hawalipendi; aulizwe daktari aliyempasua. Bodaboda isubiri. Kukivuka kiti chake, kukaa umekunja mguu kwenye barabara ya mashimo, na kuanguka nayo, vyote ni vibaya, na wiki sita ni kiasi cha chini kabla hata ya kuuliza. Kuendesha gari ni hivyohivyo. Jembe liletwe baada ya miezi mitatu, na liwe la kupalilia bustani ukiwa umesimama. Kubeba gunia tusikuambie.

Subira hiyo ina malipo yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kutokana na kumbukumbu za Australia na Finland, uliona kwamba karibu asilimia 82 ya magoti bandia kamili hudumu miaka 25. Mtu wa miaka 65 anayelitunza lake ana matumaini makubwa ya kutohitaji jingine.

Lakini mgonjwa na wanawe wasibebeshwe kila kitu. Hospitali inayomruhusu mgonjwa imkabidhi karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye michoro ya mazoezi, dalili za hatari, na namba ya simu inayopokelewa. Wengi wanapewa fomu iliyoandikwa Kiingereza kwa mwandiko wa haraka, na kijana wa kidato cha nne anajaribu kuitafsiri chini ya mwembe. Wataalamu tunao: hospitali ya KCMC pale Moshi ina shule ya fiziotherapia, na chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Barabara ni ileile moja inayopita mbele ya Mazinde. Kinachokosekana ni kuwafikisha wanakohitajika. Halmashauri ya Korogwe ipange siku ya fiziotherapia kwenye vituo vya afya vya barabarani, Mombo kikiwemo, hata kama ni mara moja kwa wiki, na wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe mambo machache haya: kisigino na mto, homa, shavu la mguu, fimbo. Hayahitaji shahada.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Watakaokuwa wanapanga na kupangua vitita vyake walione jambo hili kwa macho ya mkulima: kulipia chuma na kuacha gongo, kiti cha choo na mazoezi ya wiki sita ni kulipia nusu ya tiba. Gharama ya kiti cha mbao ukiilinganisha na ile ya goti ni senti.

Mpaka hapo, familia ijihesabie yenyewe. Fedha ikishachangwa, zitengwe kwanza nauli za watu wawili kwa kliniki zote alizopangiwa: ile ya kutoa nyuzi, ile ya wiki sita hivi, ya miezi mitatu na ya mwaka. Fedha hiyo aitunze mtu mmoja asiye mlegevu, na isiguswe kwa msiba wala mbegu. Mgonjwa akifika kwa daktari wa meno au kwa upasuaji mwingine wowote, aseme kabla ya kukaa kitini kwamba ana goti la chuma. Na kama goti la pili nalo linauma, kama ilivyo kwa wengi, kile kiti cha choo kisipasuliwe kuni.